Mkono Mwepesi kwa Sauti ya Mama

Bagamoyo, 8 Julai 2024

Kaka Saleh,

Assalaam alaykum, na shikamoo yako ya mbali. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi Wafaa na huyo Muadh wenu ambaye nasikia ameota ndevu na anajibu wakubwa kwa Kiarabu kitupu. Mwambie shangazi yake bakora hajaitupa. Sisi huku hatujambo. Masika yamekwisha, ila paa la jikoni lilivuja mpaka Bi Mwaija akawa anapika na mwavuli kichwani. Anakusalimu sana. Anasema visheti vyake ulivila mpaka ukaumwa tumbo, sasa umekuwa mtu wa Maskati hata salamu mpaka uombwe. Unajua alivyo, alitulea kwa maneno hayo hayo. Baba hajambo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu mchana kutwa iko mikononi mwa Baba, anasikiliza Kurani. Nikipokea anataka spika ili asipitwe na neno. Na hili hataki lizungumzwe. Kwa hiyo barua nampa Rukaya anayekuja huko kwa mwanawe, nawe unijibu hivyo hivyo kwa wasafiri. Tafadhali usilitaje kwenye simu hata kwa fumbo.

Ni ile sahani ya santuri ya Mama. Ile aliyoimba kabla hujazaliwa, kwa fundi wa Kihindi kule Dar aliyekuwa na mashine ya kuchora sauti. Ipo hiyo moja, haina ndugu. Zamani Baba alikuwa akiipiga mara moja kwa mwaka, tukishamsomea Mama hitima, kisha anaifungia kabatini. Tangu alipougua anaitaka kila siku baada ya Alasiri. Nafunga duka, Bi Mwaija anakaa kizingitini, Baba anaketi mbele ya gramafoni na kofia yake nzuri kama anayengoja mgeni.

Kaka, sauti inakwisha. Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu. Sasa mkwaruzo umemshinda Mama. Ule ubeti wa "Ukiondoka niage, nisibaki kungojea" hausikiki tena, ni kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili. Wewe ulikuwa na miaka sita alipofariki, una kitu umebaki nacho. Mimi nilikuwa wa kubebwa. Sura yake siijui, harufu yake siijui, nina dakika tatu hizi tu, na kila siku nakaa kitako nikisikiliza zikiliwa. Naogopa.

Usiniambie nirekodi na simu, najua liko kwenye ncha ya ulimi wako. Baba alimwapia Mama kwamba sauti yake haitatoka nje ya nyumba hii, ndiyo Mama akakubali kuimba. Akiona simu karibu na gramafoni anaifunika sahani kwa kilemba. "Mnataka mke wangu aimbe kwenye magrupu ya watu?"

Ridhiwani, fundi redio, amekuja kuitazama. Anasema ule mkono unaobeba sindano ni wa kizamani, mzito kupita kiasi, unailima sahani kama jembe. Kuna mikono myepesi, anasema. Wewe ndiye unayeuza vyombo vya muziki huko Matrah. Tuchagulie mkono, Saleh. Na Idi ijayo njoo, Baba anakuulizia.

Nduguyo,
Salme


Matrah, 2 Agosti 2024

Mdogo wangu Salme,

Marahaba, na waalaykum salaam. Barua ya Rukaya nimeipata ikiwa na doa la samli, sijui ilisafiri na halua au vipi. Wafaa hajambo, joto tu linamtoa roho. Muadh nimemfikishia habari ya bakora, amecheka, kisha akaniuliza kama unasema kweli. Bi Mwaija mwambie visheti vile ndivyo vilivyonifanya niwe na tumbo hili.

Nimeisoma barua yako dukani mara nyingi kuliko nilivyosoma mikataba. Ridhiwani hakukosea. Sahani za namna ile si kama za kununua. Ni bati lililopakwa rangi laini, ukiigusa kwa ukucha inaacha alama. Hazikuumbwa zipigwe kila siku. Mkono mzito juu yake ni balaa.

Lakini mkono hauchaguliwi kwa kuambiwa. Kila mmoja una tabia zake, kama wakwe. Ukichukua uliozidi wepesi, sindano itarukaruka. Ukichukua usiolingana na mashine, sindano itakaa upande na kuchimba ukuta mmoja. Kwa hiyo nipimie, na upime kama unayekata nguo ya bibi harusi. Toka msumari wa katikati mpaka kwenye mhimili wa mkono ni umbali gani? Tundu ulilosimamia mkono lina upana gani? Na uzito unaokandamiza sindano ni kiasi gani? Huo kapime kwa mizani ya sonara, hakuna mizani nyingine hapo mjini itakayousikia.

Kisha tazama ncha ya sindano kwenye mwanga wa jua. Kuna uchafu? Wa rangi gani? Usiufute kwanza, niambie.

Mpaka nikujibu, jitahidini asipige. Najua nasema jambo gani.

Kaka yako,
Saleh


Bagamoyo, 19 Agosti 2024

Kaka Saleh,

Shikamoo. Hatujambo, na wewe umenijibu yote ila la Idi, haya nimeliona. Baba hajambo. Juzi alitoka msikitini amevaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine, akasema asubuhi kulikuwa na baridi. Jana akamuuliza Bi Mwaija kama watoto wamerudi toka chuo cha Kurani, na nyumba haina mtoto. Nadhani alikuwa anatania.

Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi. Nimepima na futi ya fundi cherehani, nikarudia, nikamwita Ridhiwani naye akapima. Kwa sonara Mbaruku ilikuwa kichekesho. Nimeingia na gramafoni nimeifunga kwenye kanga kama maiti ya mtoto, wake za watu wamekaa pale wanapima bangili. Mbaruku akainua mizani, tukashusha sindano juu yake, akaniambia gramu nane na zaidi. Akauliza, "Hii pete ya nani, Bi Salme?" Nikataka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya watu. Wakadhani nimeachika mara ya pili.

Gramu nane, Saleh! Ridhiwani anasema mikono ya sasa ni gramu mbili. Kumbe miaka yote hii.

Na uchafu upo. Si vumbi. Ni kitu cheusi, kinanata kama utomvu wa fenesi, ukikisugua kwenye vidole kinanukia vizuri. Nilimwonyesha Bi Mwaija akasema hiyo ni baraka.

Kuacha kupiga haiwezekani. Siku moja nilimwambia Baba umeme umekatika. Akakaa mbele ya gramafoni mpaka Magharibi, chakula hakukigusa. Sitafanya tena.

Salme


Matrah, 25 Septemba 2024

Salme dada'ngu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Wafaa alilazwa kidogo, presha, sasa yuko nyumbani anatuamrisha kama kawaida. Baraka za mfungo sita ziwafikie nyote.

Hicho cheusi kinachonukia nimekijua kabla sijamaliza sentensi yako. Niambie ukweli: mnaifukiza ile gramafoni?

Nakumbuka Bi Mwaija na chetezo chake kila Alhamisi, udi na ubani nyumba nzima, kabati la Baba, mito, shela. Kama amekuwa akiifukiza sahani ya Mama kwa heshima ya marehemu, basi moshi ule una mafuta, umetua kwenye mifereji ya sauti mwaka hadi mwaka, na tangu mlipoanza kuipiga kila siku bila shaka mnaifukiza zaidi. Sindano inakusanya ule utomvu, inaukandamiza ndani. Nusu ya mkaango unaousikia ni udi.

Acheni leo hii. Na ole wenu muifute kwa spiriti! Spiriti itayeyusha rangi yenyewe na Mama atatoka na pamba. Wala mafuta ya nazi, namjua Bi Mwaija. Tafuta maji ya betri, yale matupu ya kuongezea, si asidi, Salme, si asidi, mwulize muuzaji mpaka akuchoke. Sabuni ya mtoto tone moja, kitambaa cha pamba kilichofuliwa sana, zungusha kufuata mifereji, usikate katikati.

Sasa mikono. Nimepata miwili. Wa kwanza ni mpya, mwembamba, mzuri kama bizimu ya dhahabu, unashusha gramu moja na nusu bila kutetemeka. Lakini kitako chake ni kikubwa, itabidi ubao wa gramafoni ukatwe kwa msumeno, na ukishakatwa mkono wa zamani haurudi tena. Wa pili ni wa Kijapani, umetumika, mfupi kidogo, unashusha gramu mbili, na vipimo vyako vinasema utaingia kwenye tundu lile lile. Kwa ufundi wa kwanza ni bora. Nimekaa nao mezani siku nyingi nashindwa. Chagua wewe, uko karibu na mashine.

Yote miwili itabeba sindano mpya, nyembamba, inayofika chini zaidi kwenye mfereji, pale ambapo ile ya zamani haijawahi kugusa. Huko chini, Inshallah, Mama bado mzima.

Jambo moja jingine. Unaandika Baba hajambo, halafu kanzu mbili, halafu watoto chuoni. Baba hajatania tangu nimjue. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Saleh


Bagamoyo, 6 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo, na pole sana kwa wifi. Mwambie apunguze chumvi, na wewe upunguze kumpa sababu.

Ndiyo, tunaifukiza. Mimi na Bi Mwaija, kila Alhamisi, na tangu Mei kila siku, kwa sababu sauti ilikuwa inapungua nasi tukaona tuizidishie. Lo, Saleh! Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Sisi tumevundisha kwa ubani wenyewe. Nilimwambia Bi Mwaija pole pole, lakini aliketi chini palepale ukumbini akajipiga kifuani. "Nimemziba mwanangu pumzi kwa mikono yangu." Mama yetu Shahad hakuwa mwanawe wa kumzaa, lakini ndiye aliyemwosha alipofariki. Sasa chetezo amekifungia chumbani kwake, anapita karibu na gramafoni kama anayepita karibu na nyoka.

Maji ya betri nimeyapata kwa Bilali wa gereji. Nilimwuliza kama si asidi mpaka akayanywa mbele yangu kidogo, mjinga yule. Nimeiosha sahani mwenyewe. Yalitoka maji meusi kama ya kuoshea sufuria.

Na hapo ndipo hofu ilipoanza upya. Tulipoipiga, Mama alisogea karibu, maneno mawili matatu nikayasikia ambayo sikuwahi kuyasikia. Kisha Ridhiwani akainama, akatazama, akaniambia, "Dada, utomvu ule ulikuwa pia unaikinga. Sasa chuma kinagusa sahani yenyewe." Siku ya pili maneno yale mawili matatu yalishaanza kuchakaa. Nilichokuwa nakiogopa kwa mwaka mzima nilikisikia kikitokea kwa masikio yangu. Nina hofu ya kuipiga na nina hofu ya kutoipiga.

Nachagua wa Kijapani. Najua ule mwingine bora, usinishawishi. Msumeno sitaki uingie nyumba hii. Sijui kwa nini, ila nikifikiria kitu kisichoweza kurudi nywele zinanisimama.

Baba hajambo. Nakuomba usiulize zaidi.

Salme


Matrah, 17 Novemba 2024

Salme,

Salamu zote. Naandika upesi, mjumbe yuko mlangoni.

Mkono nimeununua, sindano nimeifunga mwenyewe, nimeujaribu dukani kwa sahani nyingine laini, umepita kama paka. Nampa Mikdad, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Anakwenda Tanga kwa kupitia Dar, atakupigia akifika. Kisanduku kisiwekwe kwenye buti la basi, nimemwapisha.

Ridhiwani akishaufunga, piga mara moja tu, na mara hiyo hiyo urekodi. Simu iweke chini ya kanga, Baba hatajua. Amri ya miaka hamsini si aya ya Kurani. Ikipotea sahani tutamjibu nini Mama?

Habari ya Idi tutaona.

Saleh


Bagamoyo, 9 Desemba 2024

Saleh,

Assalaam alaykum. Leo sina habari za wifi wala za Muadh, Mungu awaweke.

Mikdad wako alipanda basi la kupitia Chalinze badala ya huku kwetu, akakumbuka kisanduku alipofika Msata, akakiacha kwenye duka la vipuri vya pikipiki, kisha akanipigia akiwa amekwisha kufika Tanga. Nimekwenda Msata. Duka limefungwa, mwenyewe yuko harusini Lugoba, hakuna ajuaye atarudi lini. Nimechungulia kwenye upenyo wa mlango kama mwizi. Kisanduku nimekiona, kiko juu ya rafu, chini ya matairi. Nimerudi mikono mitupu.

Nilimwacha Baba na Bi Mwaija. Niliporudi Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia kwa adabu, "Karibu, binti. Wenyewe hawapo."

Basi uujue ukweli. Siku nyingine ananijua, siku nyingine mimi ni binti wa watu. Ukipiga simu na ukamsikia anakujibu vizuri, ni mimi nakaa begani kwake namnong'oneza majibu. Nilikuficha kwa sababu nilidhani nikikwambia utakuja kwa msiba kabla ya msiba. Au hutakuja kabisa, na hilo ndilo nililoliogopa zaidi. Kitu kimoja tu hakijamtoka. Sindano ikishuka, ule mkwaruzo ukianza, anasema "Shahad," anatulia, na baada ya hapo anakula. Ndiyo maana naipiga. Naimaliza sauti ya mama yangu ili baba yangu ale wali. Sasa unaelewa?

Na wewe niambie ukweli wako. Miaka kumi na moja, Saleh. Nauli unayo, pasi unayo, likizo unayo. Ulikuja Dar kwenye maonyesho ya biashara ukarudi bila kufika huku. Unaogopa nini kwetu?

Salme


Matrah, 28 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikafunga duka mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Umeuliza, nakujibu. Naiogopa ile sahani.

Mimi sauti ya Mama ninayo kichwani. Si ya kuimba. Ni ya kuniita niingie ndani, kwamba miguu yangu ina mchanga. Hiyo tu. Nimelala nayo Bagamoyo, nimelala nayo Maskati, nilipofunga ndoa nilikuwa nayo. Kila mwaka kwenye hitima, Baba alipotoa sahani kabatini, nilikimbilia ufukweni mpaka wamalize. Mlidhani nacheza. Niliogopa kwamba nikiisikia ile ya kwenye sahani na ikawa tofauti, basi ile ya kichwani itakuwa nimeitunga mwenyewe, na mimi nitakuwa sijawahi kuwa na mama. Nina miaka hamsini na moja na bado nakimbilia ufukweni. Ukitaka kunicheka nicheke.

Kwa hiyo kukuchagulia mkono ilikuwa rahisi, Salme. Kazi ya mikono naijua. Nilijiambia nikituma mkono mzuri nitakuwa nimekuja.

Mtu wa Msata nimempata kwa simu kupitia Mikdad, atafungua baada ya mwaka mpya. Kakichukue. Na urekodi, nakusihi. Mimi sitaisikiliza. Lakini iwepo.

Usimnong'oneze tena Baba. Nikipiga, mwache aniambie lolote atakaloniambia.

Saleh


Bagamoyo, 20 Januari 2025

Kaka Saleh,

Shikamoo kaka yangu. Sijakucheka. Nimeisoma barua yako nikaenda kuosha uso, Bi Mwaija akauliza nani kafa.

Kisanduku nilikipata, salama, na harufu ya petroli. Ridhiwani aliufunga mkono asubuhi, ukaingia kwenye tundu la zamani kana kwamba ulizaliwa humo. Kwa Mbaruku tena, mizani, gramu mbili kamili. Tukangoja Alasiri. Baba alitoka kuswali, akavaa kofia yake, akakaa. Nikashusha sindano mimi mwenyewe.

Saleh, alikuwemo. Mzima. Kabla ya ubeti nilisikia akivuta pumzi. Nilisikia kiti kikilia, nilisikia anakaribia kucheka katika neno moja akajizuia. Mtoto wa miaka ishirini na mbili, mdogo kuliko mimi kwa nusu. Bi Mwaija alisimama kizingitini akaita, "Shahad, mwanangu!" Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, sikujali fundi yupo. Niliona hofu yote ya mwaka mzima imekwisha. Nilimkumbuka Mungu nikakukumbuka wewe, nikaingiza mkono chini ya kanga kutoa simu.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha uso, ameshusha kofia mpaka machoni, kama anavyofanya njiani akipishana na wake za watu.

"Nani huyu?" akauliza.

Nikamwambia, "Baba, huyu Mama. Shahad."

"Shahad namjua. Huyu ni msichana wa watu."

Nilidhani atazoea. Sauti ikaendelea, tamu, safi, na yeye akazidi kujikunyata. Kisha akaiona simu mkononi mwangu. Hakufoka. Akaniambia taratibu, kama anayemfunza mtoto, "Usimchukulie sauti yake, binti. Huyu ana mume. Mwanamke asiyependwa haimbi hivi. Zima, mumewe asije akatukuta."

Nilikuwa naweza kubonyeza, yeye asingejua, ulivyosema. Lakini yule mume alikuwa amekaa mbele yangu anamlinda mke asiyemjua. Sikubonyeza. Nikazima gramafoni.

Alimwita Shahad mpaka Isha. Siku ya pili tulijaribu tena, akatoka nje kabla ubeti haujaanza, akasimama uani ameupa mlango mgongo. Chakula akakikataa. Siku ya tatu hakuinuka kitandani. Bi Mwaija akanitazama, nami nikamtuma mtu kwa Ridhiwani, aje aturudishie mkono wa zamani.

Ridhiwani aligoma. "Dada Salme, ule mkono utaiua. Sindano ya zamani ikirudi sasa, haimalizi mwaka." Nikamwambia najua. Akasema niongee kwanza na kaka yangu. Nikamwambia kaka yangu atanielewa. Alifungua parafujo anasonya, machozi yanamlengalenga.

Tukamwinua Baba, tukamkalisha, tukamvika kofia. Sindano ikashuka na mkwaruzo wake wote. Baba akafumba macho.

"Huyo," akasema. "Alikuwa wapi siku zote hizi?"

Kisha akala, wali na kunde za nazi, akaomba kuongezewa.

Kwa hiyo mkono wako uko kabatini, umefungwa kwenye kitambaa. Usiudhike, ulichagua vizuri. Nami nimechagua. Kila Alasiri nakaa palepale nasikiliza, na kila siku kuna kidogo ambacho kesho hakitakuwepo, na sasa sina wa kumlaumu, si udi wala fundi. Naogopa kuliko mwanzo. Lakini naipiga.

Baba hakunijua leo. Hatakujua na wewe, usijidanganye. Njoo hivyo hivyo. Nitamwomba Ridhiwani aufunge mkono wako siku moja, Baba akiwa msikitini, nami nitaketi na wewe nikushike, usikimbilie ufukweni. Ikiwa si sauti uliyo nayo kichwani, basi nitaisikia mimi na wewe utaniambia ile nyingine, mimi sina hata moja iliyoniita mimi.

Njoo kabla ya Ramadhani. Sikuombi Idi tena, Idi ni mbali.

Mdogo wako,
Salme